Ligi ya kuigiza ya mpira wa kikapu: nani ashike kompyuta?

Mchezo wa NBA unaoanza saa moja na nusu jioni mjini New York katika majira ya baridi huanza saa tisa na nusu usiku kwa mkazi wa Kyambogo, mashariki mwa jiji la Kampala. Kwa mpenzi wa mpira wa kikapu anayetazama tu, hilo ni suala la kukosa usingizi. Kwa mwenye timu katika ligi ya kubuni ya aina iliyozoeleka, ambamo pointi hutokana na yale wachezaji halisi waliyoyafanya uwanjani usiku huo, ni hasara kamili. Nyota wake hutangazwa kuwa majeruhi muda mfupi kabla ya mchezo, naye amelala. Asubuhi hukuta pengo kikosini ambalo mshindani aliye Marekani alikwisha kuliziba.

Ligi ya kuigiza huliondoa tatizo hilo. Hapa mchezo hauchezwi Boston wala Denver, bali ndani ya kompyuta. Kila mmiliki ana kikosi chake, hupanga wachezaji watakaoanza na mbinu watakayoitumia, na saa iliyokubaliwa ikifika programu huuchezesha mchezo mzima kwa sekunde chache na kutoa matokeo pamoja na takwimu za kila mchezaji. Ligi inaweza kuchezwa saa mbili usiku ya Jumanne, vipindi vikiwa vimekwisha, na kila mtu akiwa macho.

Mazingira ya Kyambogo yanaufaa mchezo wa namna hii. Chuo Kikuu cha Kyambogo, kilichoundwa mwaka 2003 kwa kuunganisha vyuo vitatu vya ufundi, ualimu na elimu maalumu, kinakusanya vijana kutoka kila pembe ya Uganda, na timu yake ya Kyambogo Warriors imewahi kushiriki ligi ya taifa inayosimamiwa na shirikisho la mchezo huo, FUBA. Wanafunzi wengi wanaifahamu tayari Fantasy Premier League ya soka, iliyoanza mwaka 2002, kwa hiyo wazo la kumiliki timu isiyokuwepo si geni kwao. Wasiloliona haraka ni kwamba katika soka hiyo ya kubuni waamuzi wako mbali, Uingereza, na hakuna mshiriki anayeweza kuyagusa matokeo. Katika ligi ya kuigiza mtu mmoja, aghalabu rafiki wa wote, ndiye anayeibonyeza kompyuta. Ligi hizi zikivunjika, mara nyingi huvunjikia hapo.

Mito miwili

Michezo hii ina asili mbili ambazo watu huzichanganya. Mwaka 1961 Mmarekani Hal Richman alianza kuuza Strat-O-Matic, mchezo wa besiboli wa kadi na dadu. Kila mchezaji halisi alikuwa na kadi iliyotengenezwa kutokana na takwimu zake, na dadu ndizo zilizoamua kilichotokea. Baadaye michezo mingine, mpira wa kikapu ukiwamo, ilifuata njia hiyo hiyo. Mto wa pili ulianza mwaka 1980, pale mwandishi Daniel Okrent na wenzake mjini New York walipobuni ligi ya besiboli iliyopewa jina la mkahawa walimokuwa wakikutana, La Rotisserie Française. Wao hawakutupa dadu. Walihesabu matendo ya wachezaji wao katika msimu uliokuwa ukiendelea.

Fantasy Premier League ni mtoto wa mto wa pili. Ligi ya kuigiza ni mtoto wa kadi na dadu, ijapokuwa inaazima kutoka ule wa pili desturi ya wamiliki kukaa pamoja na kuchagua wachezaji kwa zamu. Tofauti hii ina uzito. Katika mto wa pili ukweli uko nje, kila mtu anaweza kuuhakiki gazetini. Katika mto wa kwanza ukweli wote umo ndani ya dadu, na aliyezishika dadu hana budi kuaminiwa au kuchungwa.

Kompyuta hufanya nini

Programu huugawa mchezo katika mashambulizi. Katika kila shambulio hujiuliza maswali kwa mpangilio: je, mpira umepotea kabla ya mtupo? Ikiwa haukupotea, nani anatupa, na kutoka wapi? Mtupo umeingia? Usipoingia, nani ameudaka? Kila jibu hutolewa kwa namba ya bahati. Mchezaji mwenye uwezo wa kufunga asilimia 36 ya mitupo ya pointi tatu hupewa namba kati ya 1 na 100. Ikiwa 36 au chini yake, amefunga. Mwenye dadu mbili za pande kumi na daftari anaweza kufanya kazi hiyo hiyo kwa mkono, umeme ukiwa umekatika, ingawa mchezo mmoja utamla jioni nzima.

Idadi ya mashambulizi ya timu hukadiriwa kwa hesabu inayotumiwa sana na wachambuzi: mitupo yote ya kawaida, jumlisha mitupo huru mara 0.44, toa ribaundi za upande wa kushambulia, jumlisha mara mpira ulipopotea. Timu iliyotupa mara 68, ikapata mitupo huru 20, ikadaka ribaundi 10 za kushambulia na kupoteza mpira mara 14 imekuwa na mashambulizi karibu 81. Mwenye kuandaa ligi lazima aamue mapema iwapo anafuata kanuni za FIBA, zenye dakika 40 na faulo 5, au za NBA, zenye dakika 48 na faulo 6, maana takwimu za upande mmoja zikimwagwa katika muda wa upande mwingine huleta matokeo ya ajabu.

Mchambuzi Dean Oliver, katika kitabu chake cha mwaka 2004, alitaja mambo manne yanayoamua ushindi na kuyakadiria uzito: ubora wa mitupo asilimia 40, kutopoteza mpira 25, ribaundi 20, na mitupo huru 15. Hayo ni makadirio, wala si sheria ya maumbile, lakini yanamsaidia mmiliki asiyejua aanzie wapi. Aghalabu mgeni katika ligi hukimbilia wafungaji wenye pointi nyingi, akasahau kuuliza walitumia mitupo mingapi kuzipata.

Kati ya programu zilizopo, Basketball GM hupatikana bila malipo, huendeshwa ndani ya kivinjari cha kawaida, na huhifadhi ligi katika kompyuta yenyewe, hivyo haitafuni bando la intaneti. Haikukusudiwa hasa kwa wamiliki wengi walio mbalimbali. Makundi yanayoitumia hivyo humkabidhi mtu mmoja faili, naye hupokea maagizo ya wenziwe na kuyaingiza. Kwa kawaida wachezaji wake ni wa kubuni kabisa, na kwa maoni ya mwandishi huo ndio mwanzo bora kwa kundi changa: hakuna anayefaidika kwa kuwa na televisheni ya kulipia, na hakuna ugomvi kuhusu nani ni bora kuliko nani.

Thamani ya mchezaji

Ugomvi huo huanza mara kundi linapotaka wachezaji halisi. Chukua mfano wa Khaman Maluach. Alizaliwa Rumbek, katika nchi ambayo sasa ni Sudan Kusini, akalelewa Kawempe hapa Kampala. Mwaka 2024 aliichezea City Oilers ya Uganda katika Ligi ya Afrika ya Mpira wa Kikapu, akaiwakilisha Sudan Kusini katika Olimpiki ya Paris, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Duke kwa msimu mmoja. Katika drafti ya NBA ya mwaka 2025 alichaguliwa wa 10, akaishia Phoenix Suns. Ni kijana mrefu mno, mwenye mustakabali mkubwa na takwimu chache.

Katika ligi iliyoko Kampala kila mmiliki atamtaka. Je, kompyuta impe uwezo wa leo au wa miaka mitano ijayo? Nani akadirie? Msimamizi mwenye timu, ambaye anajua zamu yake ya kuchagua ni ya nne, anaweza kumpunguzia kijana huyo alama kidogo ili wengine wampite, hata bila kukusudia uovu. Dawa iliyozoeleka ni kuandika kanuni ya kukadiria kabla ya majina kutajwa, kutangaza alama zote wiki moja kabla ya kuchagua, na kutozigusa tena hadi msimu uishe.

Anayetaka kuigiza ligi ya Uganda yenyewe, akiwa na Kyambogo Warriors na City Oilers ndani yake, ana mtihani mwingine: takwimu ni chache. Mchezaji aliyetupa mara 12 kutoka mbali na kufunga 6 hawi mfungaji wa asilimia 50 milele. Njia rahisi ni kumwongezea mitupo ya wastani wa ligi. Tuseme wastani ni asilimia 30, nasi tunamwongezea mitupo 50 ya kufikirika, ambayo 15 imeingia. Sasa ana mabao 21 katika mitupo 62, yaani karibu asilimia 34. Kadiri atakavyotupa zaidi uwanjani, ndivyo mitupo yake ya kweli itakavyoizidi nguvu ile ya kuongezwa. Hesabu hii haimfurahishi mwenye mchezaji husika, lakini huizuia ligi kutawaliwa na mtu aliyebahatika Jumamosi moja.

Kuchagua, kulipa, kubadilishana

Tuchukulie ligi ya wamiliki 12. Njia ya kawaida ya kuchagua ni zamu inayojirudi: mzunguko wa kwanza huenda kutoka wa 1 hadi wa 12, wa pili hurudi kutoka wa 12 hadi wa 1. Aliyetangulia hupata chaguo la 1, kisha la 24 na la 25. Wa mwisho hupata la 12 na la 13 kwa mfululizo. Njia ya pili ni mnada, kila mmiliki akiwa na kiasi sawa cha pesa za kubuni. Mnada ni wa haki zaidi, kwa kuwa kila mtu anaweza kumpata yeyote mradi alipe, ila unahitaji watu wote wakae chumba kimoja kwa saa kadhaa, jambo ambalo si jepesi.

Ukomo wa mishahara, ambao katika NBA ulikuwa karibu dola milioni 141 kwa msimu wa 2024 hadi 2025, huigizwa pia. Kazi yake ni kuzuia timu moja kukusanya nyota wote. Bila ukomo, wamiliki wawili wanaoishi chumba kimoja bwenini hubadilishana wachezaji hadi mmoja awe na kikosi kisichoshindika na mwingine awe na ahadi. Ligi nyingi huyapigia kura mabadilishano kama hayo, lakini kura hiyo ina ubovu wake: kila mmiliki huangalia kama mpango unamtisha yeye, wala si kama ni wa haki. Afadhali kamati ya watu watatu wasiohusika, wakiulizwa swali moja tu: je, kuna ushahidi kwamba hawa wawili wamepanga njama? Mpango mbaya uliofanywa kwa nia njema uachwe upite. Mmiliki ana haki ya kukosea.

Yule aliyeishika kompyuta

Sasa tufike kwenye kiini. Timu ya msimamizi ina uwezekano wa asilimia 40 kushinda mchezo wa usiku huo. Anauendesha akiwa peke yake chumbani, anashindwa. Anaifunga programu bila kuhifadhi, anaifungua tena, anauendesha mara ya pili, na ya tatu. Kwa majaribio matatu uwezekano wake wa kupata angalau ushindi mmoja umepanda hadi karibu asilimia 78. Hakuna alama yoyote iliyobaki kwenye faili. Matokeo yanayotangazwa ni ya kweli kwa maana kwamba kompyuta iliyatoa. Ni ya uongo kwa maana nyingine zote.

Jambo baya zaidi ni kwamba msimamizi mwaminifu hawezi kujitetea. Timu yake ikishinda michezo sita mfululizo, minong'ono huanza, naye hana cha kuonyesha. Ndiyo sababu kanuni hizi zinamlinda yeye kama zinavyowalinda wengine.

Kanuni ya kwanza ni kwamba msimamizi asimiliki timu. Katika kundi dogo hilo huonekana kama adhabu, kwa hiyo wengine huizungusha kazi, kila wiki mmiliki tofauti akiendesha michezo isiyomhusu. Ya pili ni kuendesha mbele ya mashahidi, saa ikijulikana, kioo cha kompyuta kikionekana na watu wasiopungua wawili, hata kama ni kwa simu ya video. Ya tatu inahitaji ufundi kidogo. Namba za bahati za kompyuta kwa kweli huzaliwa kutokana na namba moja ya kuanzia, ambayo wataalamu huiita mbegu. Mbegu ile ile, vikosi vile vile na programu ile ile huzaa mchezo ule ule, kikapu kwa kikapu. Zipo programu zinazomruhusu mtumiaji kuichagua mbegu. Kundi likikubaliana kabla kwamba mbegu itatokana na namba isiyoweza kutawaliwa na yeyote kati yao, kwa mfano jumla ya pointi zote zilizofungwa katika michezo ya NBA ya usiku uliotajwa mapema, basi mmiliki yeyote anaweza kuurudia mchezo kwenye kompyuta yake na kuona kama matokeo yanalingana. Mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta anayejiandikia programu yake hana kisingizio cha kuacha jambo hili.

Umeme ukikatika katikati ya mchezo je? Hili nalo liandikwe. Kauli iwe moja: matokeo yaliyohifadhiwa yanasimama, yasiyohifadhiwa yanarudiwa mbele ya mashahidi. Kanuni zenyewe ziandikwe kwa lugha ambayo wamiliki wote wanaimudu. Kiswahili kinaweza kuibeba kazi hiyo, mradi kundi likubaliane mapema iwapo litasema ribaundi au mpira wa kudaka, kwani nimeona watu wazima wakibishana juu ya neno hilo kwa muda mrefu kuliko mchezo wenyewe.

Wakati huo huo wamiliki wafundishwe kwamba bahati ipo kihalali. Timu yenye uwezekano wa asilimia 60 kushinda kila mchezo, ikiingia katika mchujo ambao wa kwanza kushinda mara mbili ndiye mshindi, hutolewa zaidi ya mara moja kati ya tatu. Mchujo ukirefushwa hadi ushindi wa mara nne, nafasi yake ya kupita hupanda kutoka karibu asilimia 65 hadi 71 tu. Mwenye timu bora aliyeshindwa hakuibiwa kwa sababu hiyo peke yake.

Wamiliki wanaopotea

Baada ya udanganyifu, kinachoua ligi ni utoro. Timu iliyopoteza michezo minane ya mwanzo huachwa na mwenyewe. Kikosi hakipangwi, majeruhi hubaki wakicheza, na yeyote anayekutana nayo hupata ushindi wa bure. Aliyekutana nayo wakati mmiliki angali na hamu huona amedhulumiwa, na ana haki ya kuona hivyo.

Kalenda hutibu sehemu ya ugonjwa huo. Timu 12 zikikutana mara mbili huwa na raundi 22 na michezo 132. Raundi mbili kwa wiki huchukua wiki 11. Ukiongeza wiki ya kuchagua na wiki mbili za mchujo unapata wiki 14, ambazo zinaweza kuingia ndani ya muhula mmoja iwapo ligi itaanza mapema, kabla ya mitihani. Ligi inayovuka likizo hupoteza watu njiani.

Sehemu nyingine hutibiwa kwa kumpa aliyeshindwa sababu ya kuendelea. NBA huwapa wanyonge nafasi nzuri ya kuchagua vijana wapya, lakini timu zilipoanza kushukiwa kushindwa kwa makusudi, mwaka 1985 ilianzishwa bahati nasibu ya zamu hizo. Mwaka 2019 timu tatu za mwisho zilipewa nafasi sawa, asilimia 14 kila moja, ya kupata chaguo la kwanza. Kwa kundi la wanafunzi upo mpango mwepesi zaidi: chaguo la kwanza la msimu ujao lipewe timu iliyofanya vizuri kuliko zote miongoni mwa zile zilizokosa mchujo. Hapo wa tisa ana la kupigania hadi raundi ya mwisho. Na mmiliki asiyepanga kikosi kwa raundi tatu bila taarifa aondolewe, timu yake ikabidhiwe mtu aliye kwenye orodha ya kusubiri.

Fedha

Mtu atapendekeza kila mmiliki achange, na mshindi achukue. Hapa Uganda pendekezo hilo si la kupuuzia. Sheria ya mwaka 2016 inayosimamia bahati nasibu na michezo ya kubahatisha inamkataza aliye chini ya umri wa miaka 25 kushiriki katika kamari, umri ambao wanafunzi wengi wa shahada ya kwanza hawajaufikia. Mchango unaowekwa pamoja na kuchukuliwa na mshindi wa mchezo unaoamuliwa kwa namba za bahati unakaribia mno kile ambacho sheria hiyo inakizungumzia, na si jambo la kuachiwa wanafunzi walitafsiri wenyewe. Isitoshe, pesa hugeuza kila hitilafu ya kompyuta kuwa kesi. Kombe la bati linalohama kutoka mkono hadi mkono linatosha, na jina la bingwa liandikwe chini yake.

Lipo suala moja ambalo makundi mengi hulikumbuka wakati umekwisha pita: msimamizi huhitimu. Faili la ligi liko kwenye kompyuta yake, naye anarudi kwao Gulu au Mbarara, au kompyuta inaibwa kabla hajaondoka. Basi kila baada ya raundi faili litolewe nakala mbili, moja kwa mmiliki asiye rafiki wa karibu wa msimamizi, nyingine mahali ambapo wamiliki wote wanaweza kuipakua. Msimamizi mpya achaguliwe kabla ya fainali, aendeshe raundi za mwisho akisimamiwa na yule anayeondoka, na siku ya kukabidhiana afungue faili mwenyewe, mbele ya wenzake, ahakikishe kwamba linafunguka.